Makala Iliyopogolewa

Mwaka ule Profesa Aikande Urio alipokuwa akimalizia makala yake kubwa ya mapitio ya tafiti za wengine, hapakuwa na mkemia Afrika Mashariki nzima aliyerejelewa na wenzake kuliko yeye. Jina lake likitajwa mkutanoni, shingo ziligeuka. Wanafunzi aliowalea walikuwa wameshika maabara Mwanza, Kampala na Mombasa, na kila mmoja wao alisimama juu ya kazi za mama huyo kama nyumba inavyosimama juu ya msingi. Kwa hiyo Ndekirwa Akyoo alipobisha mlango wa ofisi yake pale chuoni, chini ya Mlima Meru, alibisha kama mwombaji, ingawa walisoma darasa moja na waliunguza vidole kwenye jiko moja.

"Karibu, kaka Ndekirwa. Mbona unasimama mlangoni kama mgeni?"

"Aika, nina shida." Alikaa ukingoni mwa kiti. "Ile makala yangu ya mkaa wa mifupa inapogolewa mwisho wa mwezi."

Aikande akavua miwani. Siku hizo neno hilo halikutamkwa kwa mzaha.

Wakati huo hakuna mhandisi, daktari wala mwenye kiwanda aliyesoma makala mwenyewe. Wote waliuliza Hazina. Hazina ilikuwa akili moja iliyosoma kila kilichochapishwa na watafiti, ikakumbuka, ikaunganisha, ikajibu. Ukitaka dawa, daraja au mbolea, unaiuliza, nayo inakupa hesabu kamili. Ila kulikuwa na kipindi ambacho wajanja walitumia mashine kuandika makala za uongo kwa mamilioni, zenye majaribio yasiyofanyika na takwimu zisizopimwa, nayo Hazina ikazimeza zote kama ng'ombe anavyomeza mfuko wa plastiki kwenye majani. Ikaanza kutoa majibu yenye sumu. Kuna dawa ya homa iliyotengenezwa kwa majibu hayo, na watoto walioinywa walizikwa kabla mtu hajajua kosa limetoka wapi.

Ndipo ikatungwa Sheria ya Kupogoa. Makala yoyote ambayo mtafiti mwingine aliye hai hakuirejelea katika kazi yake kwa miaka saba, Hazina iliisahau. Haikuiweka pembeni wala kuificha kwenye kabati. Iliisahau kabisa, ikafuta kila nakala iliyotunzwa, na ikasahau kwamba imesahau. Aikande alikuwa mmoja wa wajumbe walioitunga. Yeye ni mtoto wa wakulima, na siku ya kupiga kura aliwaambia wenzake, "Kahawa isiyopogolewa inajaa majani, haizai." Wakampigia makofi. Na ni kweli, tangu siku ile hakuna mtoto mwingine aliyekufa kwa makala ya uongo.

"Ni ile ya mkaa na madini ya magnesi?" Aikande aliuliza.

"Hiyohiyo."

Aliikumbuka kwa mbali. Maji ya upande wa chini wa mlima yana floraidi nyingi, inayotia meno rangi ya kahawia na kupinda miguu ya watoto. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe huinasa. Ndekirwa alijaribu kuuchoma pamoja na magnesi ili unase zaidi, na kweli ukanasa kupita kiasi, miezi na miezi. Kisha kiangazi kikaja, maji yakakolea magadi, na mkaa ule ukaachia kwa mkupuo kila ulichokuwa umekishika. Ndekirwa akaandika alichokiona, kwamba njia hii haifai. Na nani hurejelea njia isiyofaa? Watu hurejelea kilichowafikisha, si kilichowakwamisha.

"Wewe sasa hivi unaandika mapitio ya mkaa wa mifupa," Ndekirwa alisema. "Nafasi ipo. Sentensi moja inatosha kuiweka hai miaka saba mingine."

"Rejeleo la hisani ni rejeleo la hisani, hata likiwa la sentensi moja. Unajua nilivyopigania lipigwe marufuku."

"Si hisani, Aika. Isome kwanza."

"Ulipima maji ya kisima kimoja tu."

"Nilipewa maabara kwa mwaka mmoja tu. Isome."

Akaahidi kuisoma, na akaisoma, mchana huohuo, harakaharaka, kati ya kikao na kikao. Ilikuwa safi, fupi, haina maringo. Lakini ilikuwa ndogo. Tena mapitio yake mwenyewe yalikuwa yakielekea kwenye hitimisho la matumaini, kwamba mkaa wa mifupa uliochanganywa na madini mengine ndiyo njia ya kesho, na makala ile ilikaa katikati ya njia hiyo kama jiwe. Hilo la jiwe hakulisema kwa mtu. Hata yeye mwenyewe alilipita upesi.

Kesho yake alimkuta Ndekirwa kwenye korido.

"Nimeisoma. Ushahidi wake ni mwembamba, kaka."

"Mwembamba si uongo."

"Sijasema ni uongo."

"Hujasema," Ndekirwa alijibu, "ila utaitendea kama uongo."

Hakugombana naye. Alimtakia kazi njema akaenda zake. Mwezi ulipoisha makala ilipogolewa, na uzito wa jina la Ndekirwa, uliohesabiwa kwa marejeleo, ukashuka chini ya kiwango ambacho chuo kilidai kwa mhadhiri. Mkataba wake haukuongezwa. Aikande alimwandikia ujumbe mrefu wa pole. Jibu lililorudi lilikuwa neno moja: "Nimepokea."

*

Miaka ilipita. Mapitio ya Aikande yakawa makala iliyorejelewa kuliko zote katika fani ya maji. Ikamletea heshima, ikamletea vyeo, ikamletea pia mialiko kama ule wa Engutoni.

Engutoni ni mji uliokaa tambarare, kule ambako mto unashuka kutoka mlimani ukiwa umeshalamba miamba yote ya volkano. Mtambo wake mpya wa maji ulikuwa umeanza kazi wakati wa mvua za vuli, na Mhandisi Saning'o Lukumay, aliyeusimamia, alitaka Profesa aje kuuona. Alimtembeza kwa furaha ya mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga mwenyewe. Mapipa marefu ya chuma yalisimama kwa safu, na ndani yake maji yalishuka kwenye mkaa mweusi, yakatoka meupe.

"Watu elfu nane wanakunywa hapa, Profesa. Meno ya watoto watakaozaliwa sasa yatakuwa kama maziwa. Na yote haya yametokana na ile makala yako. Hazina iliichukua ikaiendeleza yenyewe."

"Imeiendelezaje?"

"Mkaa umechomwa pamoja na magnesi. Unanasa mara tatu zaidi ya ule wa zamani."

Aikande alisimama. Mkono wake ulikuwa juu ya bomba, na alihisi maji yakipita ndani, ya baridi, yakitetemesha chuma.

"Magnesi," alirudia.

"Ndiyo, mama. Kuna tatizo?"

Aikande alikwenda kwenye ukuta wenye kioo cha kuzungumza na Hazina, akauliza taratibu kama mtu anayemhoji mtoto, "Kuna mtu aliyewahi kujaribu mchanganyiko huu kwenye maji yenye magadi mengi?"

"Hakuna jaribio linalojulikana," Hazina ilijibu kwa sauti yake tulivu. "Mchanganyiko huu ni mpya."

Haikudanganya. Iliyasema yale iliyoachiwa kuyajua. Aikande aliangalia mapipa, akaangalia nje ambako majani ya nyanda yalikuwa bado ya kijani, akahesabu kichwani. Kiangazi kilikuwa karibu. Mto ungepungua, magadi yangekolea, na mkaa ulioshika floraidi ya miezi yote ile ungeiachia kwenye ndoo za watu.

Alimwambia mhandisi kila kitu. Saning'o alisikiliza bila kumkatiza, kofia yake ya kazi mkononi.

"Profesa, nakuheshimu sana. Lakini nikizima mtambo, watu hawa wanarudi mtoni kesho asubuhi, kwenye maji yaleyale yaliyopinda miguu ya mama yangu mzazi. Nizime kwa ushahidi gani? Makala yenyewe haipo."

"Ilikuwepo. Niliisoma."

"Basi weka dhamana. Wewe ukiweka, nazima leo."

Dhamana ilikuwa njia pekee ambayo mtafiti angeweza kutumia kusimamisha mtambo bila ushahidi. Unatia sahihi kwa jina lako, na kazi zako zote zinakuwa rehani ya neno lako. Likithibitika kuwa kweli, hupotezi kitu. Lisipothibitika kwa muda uliowekwa, kazi zako zinapunguzwa uzito nusu nzima, na kila aliyesimama juu yako anatetereka pamoja nawe. Aikande akawaza juu ya wale wa Mwanza, Kampala na Mombasa, wengine wakiwa na watoto wachanga, wengine wakisubiri mikataba. Akawaza pia kwamba maisha yake yote hajawahi kusema jambo ambalo hakulipima.

"Nipe siku chache," alisema.

*

Alimkuta Ndekirwa katika shule ya sekondari ya kata, Maji ya Chai, akifundisha kemia ya kidato cha tatu. Kipindi kilikuwa kimekwisha, naye alikuwa anaosha mirija ya maabara mwenyewe, mikono ya shati ikiwa imekunjwa, mvi zimemjaa kichwani. Alipomwona mlangoni hakuonyesha kushangaa.

"Umetoka Engutoni," alisema.

"Umejuaje?"

"Nilisikia wanatumia magnesi. Nilikwenda ofisi ya maji nikawaambia." Alisimamisha mrija mmoja kwenye kishikio, akachukua mwingine. "Waliniuliza jina, wakaliandika, kioo kikaonyesha uzito sifuri. Kijana wa mapokezi alinionea huruma, akanipa chai. Nikanywa, nikaondoka."

Aikande hakujua akae au asimame. Alibaki ameshika mgongo wa kiti cha mwanafunzi.

"Nakala yako unayo?"

"Mlipofunga akaunti yangu ya chuo, kila kitu kilikwenda nayo."

"Ulipima magadi kiasi gani? Joto lilikuwa nyuzi ngapi?"

"Aika, miaka mingi imepita. Nakumbuka siku mkaa ulipotapika. Nilikaa chini sakafuni nikacheka, kwa sababu nilikuwa nimeomba usitapike. Namba sizikumbuki kwa kuapa." Alifunga bomba. "Weka dhamana."

"Kwa kumbukumbu tu? Kumbukumbu yako na yangu, zote zimechakaa? Nikikosea nawaangusha watu wengi wasio na hatia."

"Na usipokosea?"

Nje kengele ilipigwa, wanafunzi wakamwagika uwanjani.

"Acha nirudie jaribio," Aikande alisema hatimaye. "Na maji ya magadi nitayatengeneza maabara, nisisubiri kiangazi. Tutapata jibu katika miezi miwili. Nikiwa na namba mkononi nitaweka dhamana bila kutetemeka. Njoo unisaidie."

Ndekirwa alikunjua mikono ya shati.

"Nitakuja. Si kwa ajili yako. Lakini sikia, mto hauna habari na miezi yako miwili."

*

Wakaanza. Ndekirwa alikuja kila jioni baada ya vipindi, na Jumamosi tangu asubuhi. Waliponda mifupa, wakaichoma, wakaijaza kwenye mirija ya kioo, wakapitisha maji ya magadi tone kwa tone. Kila siku walipima kilichotoka chini. Kila siku kilitoka safi.

Wakati mwingine walicheka. Ndekirwa alimkumbusha mwalimu wao wa zamani aliyekuwa akilamba chumvi za maabara ili kuzitambua, na Aikande alicheka mpaka akashika ubavu. Lakini kicheko kikiisha, macho yao yalirudi kwenye mirija.

Waraka wa dhamana ulikuwa umefunguliwa kwenye kioo cha meza yake, umejazwa wote, umebaki sahihi. Kila asubuhi aliuangalia. Maji safi yaliyokuwa yakitoka yalimpa sababu ya kungoja. Labda Ndekirwa alikosea kipimo. Labda kisima kile kimoja kilikuwa na kitu kingine. Mtafiti mwaminifu hungoja, ndivyo alivyowafundisha vijana wake wote, na sasa alilishika fundisho hilo kama mtu anayeshika nguzo wakati wa mafuriko.

"Majani kule chini yameshakauka," Ndekirwa alisema siku moja, akinawa mikono.

"Najua."

"Najua kwamba unajua."

Mara moja tu Aikande alikaribia kutia sahihi. Alikuwa amempigia Mhandisi Saning'o kuuliza hali ya mto, naye akamwambia umebaki kijito. Aikande alikata simu, akaweka kidole juu ya kioo, na kidole kikakaa pale. Kisha ujumbe ukaingia kutoka kwa mwanafunzi wake wa Mombasa, akimshukuru kwa barua iliyomwezesha kupata mkataba. Akaondoa kidole.

Alhamisi moja mchana mrija wa kwanza ulitapika. Kipimo kilipanda, kikapanda tena, kikavuka alama ya mwisho. Baada ya muda mfupi wa pili ukafuata, kisha wa tatu. Ndekirwa alisema, "Haya," kwa sauti ya chini, akakaa kwenye kigoda. Safari hii hakucheka.

Aikande alitia sahihi akiwa amesimama. Hazina ilipokea namba, ikazipima, ikakubali papo hapo. Akampigia mhandisi.

"Saning'o, zima. Zima mtambo sasa hivi, nimeshaweka dhamana."

Upande wa pili palikuwa na kelele za watu wengi, na mtoto aliyekuwa akilia.

"Tumeshazima, Profesa," Saning'o alisema. "Tangu alfajiri. Niko zahanati. Hakuna kitanda kilichobaki."

*

Wengi walipona. Walilazwa kwa tumbo na kutapika, wakapewa maziwa na maji ya dripu, wakarudi makwao. Wawili hawakurudi: mzee mmoja aliyekuwa na figo mbovu tangu zamani, na msichana wa miaka tisa aitwaye Nashipai.

Aikande aliandika ripoti. Jina la Ndekirwa alilitanguliza, lake likafuata, na kwenye aya ya kwanza alieleza kwamba jambo hili liligunduliwa na N. Akyoo miaka mingi kabla. Hazina ilimrudishia aya hiyo: *Rejeleo hili halina mahali pa kwenda.* Akaiandika upya bila rejeleo, kwa maneno matupu. Wahariri wakaifuta, wakamweleza kwa adabu kwamba sheria hairuhusu kudai kazi isiyoweza kuonekana. Wakamnukulia kifungu. Alikitambua, maneno yake alikuwa ameyapendekeza yeye mwenyewe.

"Waache," Ndekirwa alisema alipomweleza. "Kwa jaribio la sasa jina langu lipo, nililifanyia kazi. Lile la kwanza halipo, basi halipo."

"Chuo kinataka kukurudisha."

"Wameniandikia. Nimewaambia nina kidato cha tatu wanaofanya mtihani." Alikuwa anafunga baiskeli yake kwenye nguzo, na hakuinua kichwa. "Unajua kinachoniuma, Aika? Si kazi. Mimi nilikusamehe kazi mapema tu. Kinachoniuma ni kwamba nilipotoka pale ofisi ya maji nilikwenda nyumbani nikalala. Ningepiga kelele mlangoni pao mpaka wanifunge. Sikupiga. Nilikuwa nimeshazoea kuwa sifuri."

Aikande alitaka kumwambia kwamba kosa hilo si lake. Aligundua kwamba yeye ndiye mtu wa mwisho mwenye haki ya kulisema.

Ripoti ilisambaa dunia nzima. Kila mji uliokuwa na mtambo wa aina ile uliisoma, na kila aliyeandika juu ya maji baada ya hapo aliirejelea. Kwa muda mfupi ilipita mapitio yake, ikapita kila kitu alichowahi kuandika, na uzito wa jina lake ukafika mahali ambapo haujawahi kufika. Watu walimpigia kumpongeza. Tume ya Hazina ilimwita, naye akawaomba, karibu kwa kupiga magoti, kwamba makala za majaribio yaliyoshindwa zisipogolewe kamwe. Walimsikiliza kwa heshima kubwa, wakaunda kamati.

Siku moja baada ya mvua kuanza, alikwenda Engutoni peke yake. Mtambo ulikuwa umerudishiwa mkaa wa zamani, ule wa polepole, na foleni ya ndoo ilikuwa ndefu. Aliulizia nyumba ya kina Nashipai, akaelekezwa. Mama wa mtoto, Namnyak, mwanamke wa miaka kama thelathini, alikuwa anaanua nguo kambani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Aikande. Natoka chuo."

Namnyak alimjua kwa jina. Alimkalisha kwenye kiti cha barazani, akaingia ndani, akarudi na kikombe cha chai ya maziwa, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Mhandisi alituambia," alisema, akikaa kwenye mkeka. "Alisema wewe ndiye uliyegundua sumu, vinginevyo wangeiwasha tena ile mitambo wakatumaliza. Nilitaka nije kukushukuru, ila sikujua ofisi yako iko wapi."

Chai ilikuwa ya moto. Aikande aliishika bila kuinywa.

"Si mimi niliyegundua," alisema. "Ni mtu mwingine. Anaitwa Ndekirwa. Aligundua zamani, hata Nashipai hajazaliwa."

Namnyak alikunja nguo iliyokuwa mapajani mwake, akaikunjua, akaikunja tena. Ilikuwa sketi ya shule.

"Zamani hivyo?"

"Zamani hivyo."

"Sasa mbona hakusema?"

"Alisema, mwanangu," Aikande alijibu. "Aliniambia mimi."

Namnyak aliweka sketi mkekani. Alisimama, akakichukua kile kikombe kutoka mikononi mwa mgeni wake, kikiwa bado kimejaa, akaingia nacho ndani. Aikande alibaki kwenye kiti akimsubiri atoke. Jua lilisogea barazani, kuku wakapita uani, mlango ukakaa vilevile, na alikaa pale muda mrefu kabla hajaelewa kwamba ameshaagwa.